Jibu: Kwa nini Domino's ilishindwa Italia?

Mkuu, umeuliza iweje Domino's, kampuni ya pizza ya Marekani, ifunge virago Italia ilhali McDonald's imejaa huko. Kwanza, hata McDonald's haikupokelewa kwa vigelegele. Ilipofungua pale Piazza di Spagna, Roma, mwaka 1986, watu waliandamana, na hasira zile zilichangia Carlo Petrini na wenzake kuanzisha harakati za Slow Food, za kutetea vyakula vya asili dhidi ya vyakula vya haraka. Ila baga haikuwa na mwenyewe Italia.

Domino's ilikwenda kumuuzia Mwitaliano pizza. Yaani umpelekee Mpemba karafuu! Iliingia Milan 2015 kupitia mbia wa hukohuko, ikitegemea zaidi jambo moja: kukuletea chakula mpaka mlangoni, huduma ambayo pizzeria nyingi ndogo hazikuwa zimeipanga vizuri. Ikaja korona. Vijimgahawa vya mtaani navyo vikajiunga na programu za kuagiza chakula, ujanja wa Domino's ukawa wa kila mtu. Mbia akaelemewa na madeni, na 2022 maduka yote 29 yakafungwa; lengo lilikuwa 880. Wengi hucheka ile pizza ya nanasi ya Domino's, lakini mimi naona walioamua ni vijana wa pikipiki na baiskeli wanaopeleka chakula.