Maswali na majibu: dalili za mapema za udahili wa vyuo vya Marekani

Tangu juzi akaunti yangu ya mwombaji ina sehemu mpya ya ufadhili. Ndiyo nimekubaliwa?

Hilo peke yake halisemi lolote. Vyuo vingi vinatumia programu iitwayo Slate, nayo huonyesha kurasa kwa masharti yaliyopangwa. Kama kwenye fomu ulisema unaomba ufadhili, sehemu hiyo inaweza kukutokea wewe pamoja na wenzako wote waliosema hivyo, wakiwemo watakaokataliwa. Isitoshe, siku chache kabla ya majibu ofisi ya udahili huwa inaandaa kurasa: inajaribu, inafuta, inarudisha. Mstari uliojitokeza asubuhi unaweza usiwepo jioni, na faili lako halijaguswa na mtu.

Cha maana humo ni orodha ya nyaraka. Ukiona ripoti ya matokeo ya katikati ya mwaka au CSS Profile (fomu ya kuombea ufadhili) bado inasomeka "haijapokelewa", usikimbilie kutuma tena. Karatasi ikishafika huhitaji kuunganishwa na faili lako, na msimu wa msongamano kazi hiyo huchelewa. Nakala ya pili inaongeza foleni tu. Subiri kama wiki mbili, ila kama tarehe ya mwisho iko karibu usisubiri, kisha andika barua pepe moja fupi yenye jina kama lilivyo kwenye fomu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mwombaji, na siku waraka ulipotumwa. Kinachokwamisha mara nyingi ni majina: cheti kina matatu, fomu ina mawili, na shule imeanza na la ukoo. Mfumo unaona watu wawili. Hilo likitatuliwa Januari ni dogo, likigundulika Machi ni balaa.

Nasikia ukibadilisha anwani ya ukurasa kidogo unayaona majibu kabla ya siku. Ni kweli?

Iliwahi kuwezekana, na waliojaribu walijuta. Machi 2005, waombaji wa shule kadhaa za biashara zilizotumia mfumo wa ApplyYourself walielekezwa mtandaoni namna ya kuunda anwani ya ukurasa wa majibu kwa kutumia namba zao wenyewe. Wengi waliambulia ukurasa mtupu. Harvard Business School iliwakataa wote 119 iliowabaini. Kumbuka kwamba uliingia kwa jina lako na nywila yako, kwa hiyo kila unachofungua kinaweza kuandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo. Kuingia mara ishirini kwa siku kutazama hali ya maombi si kosa. Kuchokonoa anwani ni jambo jingine.

Mwenzangu ameitwa kwenye mahojiano, mimi kimya.

Mahojiano mengi hufanywa na wahitimu wa chuo hicho wanaojitolea. Penye wahitimu wachache, wengi hawaitwi. Ila angalia kasha la barua taka, mialiko hupotelea humo.

Basi hakuna dalili hata moja ya kweli?

Ipo moja. Vyuo vya Ivy League (kundi la vyuo vinane maarufu kama Harvard na Yale), na vingine vichache, huwatumia baadhi ya waombaji barua ya kudokeza kabla ya majibu rasmi ya mwishoni mwa Machi: kwamba wakiendelea na alama zile zile na mwenendo mwema, watarajie kukubaliwa. Nyingi huenda kwa wanamichezo, na zinaweza kuanza kutoka Oktoba. Kwa wengine ni zaidi Februari na Machi. Hutoka ofisi ya udahili. Kocha akikwambia kwa simu kwamba mambo yameiva, hiyo ni ahadi ya kocha, na mwamuzi si yeye. Wanaopata barua hii ni wachache mno, hivyo usipoipata hujapoteza kitu: wengi wanaokubaliwa hawajawahi kuiona.

Nikipokea barua pepe ya pongezi, niiamini?

Fungua kwanza akaunti yako, usome barua yenyewe ya uamuzi. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha California, San Diego, kilituma makaribisho kwa waombaji wote, kama 46,000, wakati waliokubaliwa walikuwa kama 18,000. Desemba 2014 Johns Hopkins nao walituma ujumbe wa furaha kwa 294 ambao walikuwa wamekataliwa au kuahirishiwa uamuzi. Kilichokosewa ni orodha ya wapokeaji. Ujumbe wa kukaribishwa na barua ya uamuzi ni vitu viwili, na kinachohesabika ni cha pili.

Wanasema majibu ni saa moja jioni. Kwetu Afrika Mashariki ni saa ngapi?

Angalia kwanza kama ni saa za mashariki mwa Marekani au za California. Kwa za mashariki, Desemba wako nyuma yetu kwa saa nane, hivyo majibu ni saa tisa usiku, tarehe inayofuata. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza saa mbele na tofauti inakuwa saba: saa nane usiku. Ukurasa ukigoma dakika za mwanzo ni wingi wa watu tu. Hakikisha nywila mchana, maana kiungo cha kuibadilisha kinaweza kuchelewa kufika wakati huo.