Dawa ipi ya kuoshea mzizi wa jino inaua bakteria vizuri?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa tiba ya meno. Mkufunzi mmoja anatuambia tuoshe mfereji wa mzizi kwa haipokloraiti ya sodiamu (kemikali ya dawa ya kung'arishia nguo), mwingine anasema klorheksidini ya asilimia 2, dawa nyingine ya kuua vijidudu, ni salama zaidi na inaua vilevile. Tulipozipima kwenye sahani za maabara, klorheksidini ilitoa duara kubwa zaidi lisilo na bakteria. Nimfuate nani?

JIBU: Shika haipokloraiti, klorheksidini iweke akiba kwa mgonjwa mwenye mzio wa haipokloraiti. Duara la kwenye sahani hutegemea pia jinsi dawa inavyosambaa ndani ya agari (jeli ya kuoteshea bakteria), kwa hiyo halitoshi kukupa mshindi. Ndani ya mzizi bakteria wamejibandika ukutani, wamejifunika utando, na wamezungukwa na mabaki ya kiini cha jino kilichooza. Klorheksidini huua wengi, tena hung'ang'ania kwenye dentini (sehemu ngumu inayouzunguka mfereji) na kuendelea kufanya kazi, ila haiyeyushi nyama iliyokufa hata kidogo. Haipokloraiti huua na kuyeyusha. Hapo ndipo inapoishinda.

Madaktari hutumia asilimia 0.5 hadi 6. Usihangaike mno na namba hiyo, kwa sababu klorini iliyomo huisha nguvu kila inapogusa usaha, nyama na dentini. Dawa hafifu inayobadilishwa mara kwa mara ni bora kuliko kali iliyoachwa imetulia. Mimina mililita 1 hadi 2 kila unapobadilisha faili (kifaa chembamba cha kukwangulia na kupanulia mfereji). Chupa iwe nyeusi, ifungwe vizuri na ikae mbali na joto, la sivyo unaoshea maji ya chumvi bila kujua.

Kinachowaangusha wengi ni sindano. Dawa haifiki mbali kupita tundu lake. Sindano ya geji 30 ina unene wa milimita 0.3 hivi, ukiishia faili namba 20, ambayo ncha yake ni milimita 0.2, sindano hiyo haitashuka hadi chini na bakteria wa huko watabaki salama. Panua kwanza. Kisha tumia sindano yenye tundu ubavuni, iwekee alama milimita 1 hadi 2 pungufu ya urefu wa kazi (kipimo cha kutoka juu ya jino hadi karibu na ncha ya mzizi), ichezeshe juu na chini, na usukume polepole kwa kidole cha shahada, si kwa dole gumba. Ikikwama ukalazimisha, dawa hupenya ncha ya mzizi: mgonjwa hupata maumivu makali papo hapo, uso huvimba na damu hutoka mferejini. Acha kuosha mara moja, mpe dawa ya maumivu na barafu ya kukanda kwa nje, na umfuatilie kwa karibu. Akianza kupumua au kumeza kwa shida, apelekwe hospitali bila kungoja.

Haipokloraiti haiondoi tope la dentini linaloachwa na faili. Ukimaliza kupanua, weka EDTA ya asilimia 17, dawa ya kuondoa tope hilo, kwa dakika 1, kisha uoshe tena kwa haipokloraiti. EDTA ikikaa muda mrefu hula dentini, na ikichanganyika na haipokloraiti huimaliza klorini. Kwa hiyo kila dawa na bomba lake, lenye jina. Ukitaka kumalizia na klorheksidini, suuza kwanza kwa maji yaliyotakaswa na ukaushe kwa vijiti vya karatasi. Klorheksidini ikikutana na haipokloraiti hufanya mashapo ya kahawia yanayoziba vijitundu vya dentini na kulitia jino madoa.

SWALI: Nilipotibiwa mzizi nilisikia harufu ya dawa ya kung'arishia nguo. Ni kweli ndiyo iliyotumika?

JIBU: Kemikali ni ileile, lakini ya kliniki huandaliwa kwa kiwango kinachojulikana. Harufu peke yake si tatizo. Jino linapaswa kutengwa kwa karatasi ya mpira ili dawa isiingie kinywani. Ukihisi ladha yake ulimini, inua mkono papo hapo: mpira unavuja, na daktari anatakiwa kuuziba kabla ya kuendelea.