Wati 520 kwa rota ya mita 2? Anza na hesabu ya mkono

Mdogo wangu, umesema uigaji wako wa kompyuta unaonyesha rota yako (gurudumu la mapanga la tabini ya upepo) ya mapanga matatu, kipenyo mita 2, upepo wa mita 6 kwa sekunde, inatoa wati 520. Haiwezekani. Kwa joto letu la Dar, mita moja ya ujazo ya hewa ina takriban kilo 1.17, kwa hiyo upepo wote unaopita kwenye duara hilo una wati 397 tu. Na kikomo cha Betz, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho rota yoyote inaweza kukamata kutoka kwenye upepo huo, ni 16/27 ya hapo: wati 235.

Usikimbilie kubadilisha meshi (vijisehemu vidogo ambavyo programu inagawanya hewa ili kuhesabu), utapoteza wiki nzima bure. Gawanya 520 kwa 3: unapata 173, chini ya kikomo cha 235, namba inayoaminika kabisa. Naona ulichora panga moja ukatumia mipaka ya kujirudia (inayoiambia programu kuwa mapanga mengine ni sawa na hilo), programu ikakupa toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya rota nzima, nawe ukaizidisha tena kwa 3. Hakikisha hilo kwanza.

Kasi ya mzunguko, unayoizidisha na toki kupata wati, nayo iwe radiani kwa sekunde. Ukiweka mizunguko kwa dakika, jibu linavimba karibu mara 9.5.

Kama yote yako sawa, tazama kuta za pembeni za eneo la hewa ulilochora kwenye programu. Zikiwa karibu, hewa inabanwa na kulazimishwa kupita kwenye rota. Zisogeze hadi umbali wa vipenyo 5 vya rota, urudie, kisha utuletee toki uliyopata.