Leteni kazi ingali na makosa: niliyojifunza kwa Sophie Germain

Wadogo zangu mnaoanza hisabati chuoni, kila mwaka naliona jambo lilelile. Mwanafunzi anapewa swali, anahangaika nalo wiki mbili, siku ya kukusanya haleti kitu. Ukimwuliza: "Mwalimu, haijakamilika." Nami nilikuwa hivyohivyo. Muhula wangu wa pili nilificha daftari lenye uthibitisho uliokwama mstari wa tatu, na mtihani ulipofika nikaona kwamba kilichonikwamisha ningeelezwa kwa dakika tano. Ndiyo maana huwa nawasimulia wageni habari za Sophie Germain, mwanahisabati wa Ufaransa.

Alizaliwa Paris mwaka 1776, baba yake mfanyabiashara wa hariri. Mapinduzi ya Ufaransa yalipolipuka 1789 alikuwa na miaka 13, mitaani hakutokeki, akajifungia katika maktaba ya baba yake. Wazazi hawakutaka binti asome hisabati, wakawa wanamnyima moto na mishumaa usiku. Inasimuliwa kwamba walimkuta asubuhi amelala mezani, wino umeganda kwa baridi ndani ya kidau. Wengi wakifika hapo husifu bidii yake, na aliistahili sifa hiyo. Mimi nataka mtazame jinsi alivyokuwa anapeleka kazi zake kwa watu.

École Polytechnique, chuo cha sayansi na uhandisi, ilipofunguliwa Paris mwaka 1794 haikupokea wanawake. Akatafuta notisi za mihadhara, akamwandikia Lagrange, mwanahisabati aliyefundisha hapo, kwa jina la kiume, Le Blanc. Mwaka 1804 akaanza kumwandikia Gauss, mwanahisabati wa Ujerumani, kwa jina hilohilo. Gauss alipokuja kujua kwamba Le Blanc ni mwanamke, mwaka 1807 alimjibu kwa barua ya kumsifu ujasiri na kipaji. Barua hiyohiyo ilikuwa na masahihisho. Sophie alikuwa amedai jambo fulani kuhusu jumla ya vipeo, na Gauss akamwonyesha kwa 15 na 8, kila moja katika kipeo cha 11, kwamba dai hilo si kweli. Sifa na kosa ndani ya bahasha moja! Sophie hakuacha kuandika.

Kisha likaja suala la mabamba. Chladni, mwanasayansi wa Ujerumani, alionyesha jambo hili Paris: unanyunyiza mchanga juu ya bamba la chuma, unapitisha upinde wa fidla ukingoni, bamba linatetema na mchanga unakimbilia kwenye mistari isiyosogea. Yanatokea maumbo mazuri sana. Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ikaahidi tuzo kwa atakayeyaeleza kihisabati. Hadi mwaka 1811 mshindani alikuwa mmoja tu, Sophie, na kazi yake ilikuwa na makosa. Hakuwahi kufundishwa kwa mpangilio, kwa hiyo sehemu fulani za kalkulasi hakuzimudu vizuri, na mlinganyo wake haukuwa sahihi. Hakupata tuzo. Lakini Lagrange, mmoja wa majaji, alitumia wazo la msingi la Sophie akapata mlinganyo ulio sahihi. Mngeuona lini mlinganyo huo kama angeficha daftari?

Mwaka 1813 alirudi, akatajwa kwa heshima tu. Akarudi tena, na Januari 1816 akapewa tuzo, mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya Akademia hiyo. Hata hapo majaji waliona mapengo katika hoja zake.

Kazi yake ninayoipenda zaidi ni ya namba. Chukua namba tasa, izidishe kwa 2, ongeza 1. Ukianza na 2 unapata 5, tasa. 3 inaleta 7, 5 inaleta 11, 11 inaleta 23, 23 inaleta 47, na 47 inaleta 95, inakwama. Namba kama 2, 3, 5, 11 na 23 leo zinaitwa kwa jina lake. Alithibitisha kwamba p ikiwa tasa na witiri, na 2p + 1 nayo ikiwa tasa, basi namba nzima x, y na z zikitimiza xᵖ + yᵖ = zᵖ, lazima moja yao igawanyike kwa p. Hiyo ilikuwa hatua kubwa katika tatizo la Fermat, yaani kuthibitisha kwamba xⁿ + yⁿ = zⁿ haina jibu la namba nzima chanya n ikizidi 2, kwa sababu iligusa namba nyingi kwa mpigo badala ya kipeo kimoja kimoja.

Sasa kazi yenu ya wiki hii. 7 inakwama, maana 2 × 7 + 1 ni 15. Lakini 4 × 7 + 1 ni 29, na 29 ni tasa, basi tuijaribu hiyo badala ya 15. Orodhesheni masalio ya vipeo vya 7 vya namba 1 hadi 28 mkigawanya kwa 29, mhesabu yako mangapi yanayotofautiana, kisha mtafute kama yapo mawili yanayofuatana. Nileteeni Jumatatu, mlipofika.