Selaginela Yako Inalilia Hewa, Si Maji

Msomaji mmoja kaniandikia juzi: "Dada, namwagilia kila siku, udongo umelowa, lakini majani yanakauka. Nifanyeje?" Nilicheka, kisha moyo ukaniuma. Swali hilohilo nilimuuliza aliyeniuzia selaginela yangu ya kwanza, akanijibu mbele za watu kwamba mimea hii haiwafai wavivu. Sijasahau.

Sasa sikiliza. Selaginela ina sura ya kuvumwani lakini si kuvumwani: ina mishipa ya kupitishia maji na mizizi ya kweli, ila haitoi ua wala mbegu, huzaliana kwa spora, yaani chembe ndogo kama vumbi. Majani yake mengi ni membamba mno. Hewa ikiwa kavu yananyang'anywa maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta. Nawe ukizidi kumwaga, juu patakauka na chini pataoza.

Yangu ni aina iitwayo uncinata, yenye asili ya Uchina, ile inayometameta buluu. Niliihamishia kwenye mtungi wa kioo wenye kifuniko, mbali na jua, kwa sababu mwanga mkali huifubaza ile buluu. Haikuchukua muda, mashina yakaanza kushusha vijiuzi vyeupe, na vilipogusa udongo vikatoa mizizi. Kipande chenye vijiuzi hivyo ni mche tayari: kikate, kilaze juu ya udongo wenye unyevu, funika. Leo walionicheka ndio wanaoniomba miche. Nawapa, lakini lazima kwanza wanisikilize!

Lakini aina iitwayo lepidophylla usiifungie mtungini. Hiyo ni ya jangwa la Chihuahua, kule Meksiko na Marekani, hujikunja kama ngumi ikikauka na kufunguka ikilowa. Na jamani, hata iliyokufa hufunguka. Usitoe pesa yako kwa kuona inafunguka tu, subiri uone kijani.

Wewe uliyeniandikia, kata ncha zilizokauka, mwaga maji yaliyotuama kwenye kisahani, kisha ufunike mmea wako. Tumia maji ya mvua ukiyapata, na mbolea izimue sana. Kioo kikitiririka matone kutwa nzima, fungua kidogo kipumue. Na acha kumwagilia kwa mazoea. Tia kidole kwenye udongo kwanza. Watu hawataki kutia kidole, wanataka ratiba.