Maswali ya Wasomaji: Kijana wa Vienna na fidla yake

SWALI: Salaam, mhariri. Nimenunua mnadani boksi la picha kuukuu. Moja ni ya kijana wa miaka kama 15, kavaa koti, kashika fidla, na shingoni ana kadi yenye namba. Nyuma pameandikwa kwa penseli "Wien 1938", yaani Vienna kwa Kijerumani. Ajabu ni kwamba fidla iko bega la kulia. Alikuwa mashoto? Jina lake nitalipataje? Tena kingo zina mng'ao wa buluu, na nyuma kuna gundi iliyokauka. Nisafishe?
Msomaji, Leicester

JIBU: Kabla ya kumwita mashoto, tazama koti lake. Koti la kiume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia, na mfuko wa kifuani huwa kushoto kwa mvaaji. Ukiona vimegeuka, na namba za kadi zinasomeka kinyume, basi aliyechapa picha aliiweka negativu upande usio wake. Wapiga fidla wa klasiki, hata walio mashoto, hufundishwa kushika upinde kwa mkono wa kulia.

Sasa geuza picha. Maneno "Postkarte" yakiwa yamechapwa nyuma, karatasi ilitengenezwa kwa soko la Kijerumani. "Post Card" ni la Kiingereza. Kisha iweke gizani chini ya taa ya kukagulia noti bandia. Ikiwaka weupe wa kibuluu, hiyo ni nakala iliyochapwa baadaye, kwani dawa za kung'arisha karatasi za picha zilianza kutumika miaka ya 1950. Isipowaka, huenda ni ya wakati ule, ingawa si karatasi zote za baadaye zinazowaka.

Kadi ya namba inaelekeza kwenye Kindertransport, misafara iliyowaleta Uingereza watoto wapatao 10,000 waliokimbia Wanazi, wengi wao Wayahudi, wasiozidi miaka 17. Msafara wa kwanza kutoka Vienna uliondoka tarehe 10 Desemba 1938. Kwa hiyo, ikiwa kadi ni ya safari hiyo na penseli inasema kweli, picha ni ya wiki tatu za mwisho wa mwaka. Mimi penseli siiamini sana. Watu huandika nyuma ya picha miaka mingi baadaye, wakikumbuka mji na kukosea mwaka.

Usimtafute kwa kulinganisha sura na wanamuziki maarufu. Hata ala hudanganya: Peter Schidlof, mkimbizi kutoka Austria, alikuwa mpiga fidla, akahamia viola, ala inayofanana na fidla ila kubwa kidogo, lilipoundwa kundi la wanamuziki wanne la Amadeus Quartet mwaka 1947. Fuata namba. Shirika la misaada la World Jewish Relief linatunza kumbukumbu za watoto hao. Liandikie ukiambatisha picha ya pande zote mbili. Baadaye pekua jalada HO 396 la The National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa la Uingereza iliyoko Kew, London. Wageni wenye asili ya Kijerumani na Kiaustria waliozidi miaka 16 walipitishwa kwenye mabaraza ya uchunguzi kuanzia mwaka 1939, na kadi zao nyingi zina tarehe ya kuzaliwa, anwani na kazi.

Ule mng'ao wa buluu ni fedha iliyomo kwenye picha, imepanda juu kwa unyevu na hewa chafu. Usiusugue, utaondoka na picha yenyewe. Gundi nayo usiilowanishe: maji yakipenya hadi mbele, tabaka la jelatini huvimba, hunata na kuchubuka. Iache hivyo ilivyo.

Skani pande zote mbili kwa doti 600 kwa inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itakupa takriban pikseli 2,362 kwa 3,543, zinazotosha kuikuza namba ya kadi. Hifadhi faili kama TIFF, aina isiyopunguza ubora wa picha; JPEG iwe ya kutuma tu. Picha itie kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mbali na dari na jiko, unyevu wa hewa ukiwa asilimia 30 hadi 50. Mifuko ya plastiki ya PVC hutoa gesi inayoharibu picha, na laminesheni haivuliki. Maelezo yako yaandike kwenye bahasha kabla ya kuitia picha ndani, ili kalamu isiache mkandamizo usoni mwa kijana.