Sanduku la Wasomaji: Fulana ya 419

SWALI: Mhariri, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Makorora hapa Tanga. Kijana wangu wa pili yuko Toledo, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, ambako anafanya kazi ya ghala na kusoma jioni. Mwezi uliopita aliweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp picha akiwa amevaa fulana nyeusi yenye tarakimu 419 kubwa kifuani, na pembeni yake wamesimama vijana wengine wanne waliovaa vivyo hivyo. Shemeji yangu, ambaye aliwahi kufanya biashara Lagos, alipoiona alitikisa kichwa akasema kwamba hiyo ni namba ya matapeli. Tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Nikimuuliza mwanangu anacheka, kisha ananitumia picha nyingine: mara samaki, mara chombo cha kioo, mara ndege aliyeshonwa kwenye kofia. Naomba unieleze ameingia kundi gani, na huo mji wenyewe ni wa namna gani. Mama wa Makorora.

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Shemeji yako hakusema uongo, ila ameichukua namba ya Lagos akaivisha Toledo. Nchini Nigeria, 419 ni kifungu cha sheria ya makosa ya jinai kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu, na ndiyo sababu tarakimu hizo zimegeuka jina la matapeli wa barua pepe. Kwa watu wa Toledo hiyo ni namba ya utangulizi ya simu, kama ilivyo 027 kwetu. Marekani ilipogawa namba hizo mwaka 1947, pembe ya kaskazini-magharibi ya Ohio iliangukiwa na 419, na wenyeji wameitumia kwa muda mrefu hata imekuwa kama jina la ukoo. Kwa kuwa Wamarekani hutaja mwezi kabla ya siku, tarehe 19 Aprili kwao huandikwa 4/19, na siku hiyo watu wa Toledo huvaa fulana kama ile uliyoiona, wakapiga picha na kuzituma mitandaoni. Kundi aliloingia kijana wako, basi, ni mji mzima.

Nayasema haya kwa kuyaona, maana niliwahi kukaa huko miezi miwili kwa mpwa wangu, kuanzia mwishoni mwa Machi, baridi ikiwa bado inauma masikio. Toledo iko mahali ambapo Mto Maumee unamwaga maji yake katika Ziwa Erie. Ukienda kaskazini kwa gari, mwendo wa saa moja tu, unafika Detroit. Mashariki, karibu saa mbili, iko Cleveland. Na magharibi, kwa mwendo wa saa nne, iko Chicago. Mji uliobanwa na wakubwa kiasi hicho huzoea kuulizwa, “Toledo ndiyo wapi?” Mwaka 1970 ulikuwa na wakazi zaidi ya 380,000, na katika sensa ya mwaka 2020 walihesabiwa 270,000 na ushei, kwa sababu viwanda vilipunguza kazi na vijana wakafuata riziki kwingine. Sisi tuliozaliwa Tanga hatuhitaji kufafanuliwa hali hiyo. Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge mwaka 1964, kisha bei ikaanguka, mashamba yakaingia vichaka, na ndugu zetu wakapanda mabasi ya Dar es Salaam. Mtu aliyebaki katika mji wa aina hiyo huupenda kwa ukaidi, na fulana ni mahali pazuri pa kuuandikia ukaidi huo.

Ukaidi wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1835 Ohio na Michigan zilitoleana askari wa mgambo kwa kugombea ukanda wa ardhi ambamo Toledo imo. Vita hiyo haikuua mtu. Aliyejeruhiwa ni naibu sherifu mmoja wa Michigan, ambaye alichomwa kisu kidogo cha mfukoni na kijana wa Toledo aliyeitwa Two Stickney, yaani Bwana Wawili, kwa kuwa baba yake aliona vyema kuwapa wanawe majina ya One na Two. (Huenda mapenzi ya watu hawa kwa tarakimu yalianzia hapo.) Hatimaye Toledo ilibaki Ohio, na Michigan ikafidiwa rasi ya kaskazini yenye misitu na madini. Hadi leo utani kati ya pande hizo mbili haujapoa, na siku timu za vyuo vikuu vya majimbo hayo zinapokutana uwanjani, ndugu wa nyumba moja hununiana kama watani wa Coastal Union na African Sports walivyokuwa wakinuniana pale Mkwakwani.

Sasa nikufungulie zile picha. Ndege wa kwenye kofia ni nembo ya Mud Hens, timu ya besiboli ya mji huo, iliyopewa jina la ndege mweusi mnyonge wa kwenye vinamasi. Wenzao hujiita simba na chui. Wao wamejiita kuku wa matope na wanaona fahari. Samaki ni walleye, na timu yao ya mpira wa magongo wa kwenye barafu nayo imechukua jina hilo. Machi na Aprili samaki hao hutoka ziwani wakaupanda Mto Maumee kwenda kutaga, na hapo utawaona wanaume kwa wanawake wamevaa suruali za mpira zinazofika kifuani, wamesimama mtoni bega kwa bega, maji yakiwa ya baridi kiasi cha kukata magoti. Nilimuuliza mzee mmoja kwa nini hatumii mtumbwi. Alinitazama kama vile mtu wa Sahare angemtazama anayeuliza kwa nini dagaa huvuliwa usiku.

Chombo cha kioo ndicho kinachobeba sifa kuu ya mji. Mwaka 1888 Edward Drummond Libbey alihamishia Toledo kiwanda chake cha vioo kutoka Massachusetts, kwa kufuata gesi asilia ya bei nafuu na mchanga mzuri, na fundi wake Michael Owens akaja kubuni mashine iliyotengeneza chupa bila kupulizwa na mtu, kazi ambayo hapo kabla ilitumikisha watoto viwandani. Hivyo Toledo ikaitwa Mji wa Vioo. Libbey huyohuyo aliasisi jumba la makumbusho ya sanaa mwaka 1901, ambalo kuingia ni bure hadi leo. Katika banda lake la vioo, lililofunguliwa mwaka 2006, nilimwona fundi akichomoa tanuruni bonge la kioo kwenye ncha ya bomba la chuma. Lilikuwa jekundu kama kaa, likining’inia na kuvutika kama shira ya kaimati inapopoa. Alilizungusha bila kupumzika, akapuliza kidogo, akazungusha tena, na watoto wa shule waliokaa kwenye ngazi wakanyamaza kimya hadi likawa jagi. Kama mwanao amekutumia picha ya banda hilo, mshukuru Mungu, maana vijana wengi hawafiki.

Umeuliza pia maisha ya kila siku. Yanapita kwenye simu, kama yetu. Mpwa wangu aliniingiza katika kundi la Facebook la mtaa wake, nami nikawa nalisoma kila asubuhi badala ya gazeti. Mmoja aliandika kwamba treni ya mizigo imesimama tena kwenye makutano, watu wapite kwingine. Wa pili alipotelewa na mbwa, wa tatu alikuwa na kochi la kugawa bure kwa atakayelibeba kabla ya mvua, na wa nne alilalamika juu ya mashimo ya barabarani, akajibiwa na watu sabini. Mambo haya ni madogo, lakini ndiyo yaliyonionyesha mji kuliko runinga, ambayo kila jioni ilinionyesha Washington.

Ziko siku mtandao ulibeba jambo zito. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 2 Agosti 2014, mamlaka ya mji ilitangaza kwamba maji ya bomba yasinywewe. Mbolea zinazosombwa na mvua kutoka mashambani hurutubisha mwani wa kijani katika Ziwa Erie, na mwaka ule sumu ya mwani ilikuwa imefika kwenye mtambo wa kusafishia maji. Watu karibu nusu milioni waliguswa. Mpwa wangu aliamshwa na mlio wa simu, na kulipokucha maduka ya karibu yalikuwa hayana hata chupa moja. Palikuwa na hatari ambayo mazoea yetu sote yasingeitambua: kuyachemsha maji yale hakukuondoa sumu, bali kuliizidisha, kwa kuwa maji hupungua na sumu hubaki. Wapo waliokwisha kuandikiana kwamba wachemshe tu. Tahadhari ilibidi ikimbizane na ushauri mbaya katika simu zilezile. Jirani mmoja mwenye kisima nje ya mji aliandika anuani yake ili watu waende na madumu, na mpwa wangu akapanga foleni huko na watu ambao hakuwa amepata kuwasalimu kwa miaka mitatu. Siku ya Jumatatu zuio liliondolewa, na meya akanywa glasi ya maji ya bomba mbele ya kamera.

Neno la mwisho kwako ni moja ambalo hukuliuliza, ila nadhani limo moyoni. Waarabu kutoka Shamu walianza kuhamia Toledo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na Waislamu ni wenyeji pale. Kando ya barabara kuu, katika kitongoji cha Perrysburg, kuna msikiti mkubwa wenye kuba na minara miwili, uliofunguliwa mwaka 1983, nao unaonekana kutoka mbali katikati ya mashamba tambarare. Mwambie mwanao akutumie picha ya hapo siku ya Idi, tena akiwa amevaa kanzu.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana wa Chumbageni, nina ukurasa wa Instagram unaoitangaza Tanga. Nimesikia kwamba Toledo na Tanga ni miji dada, nami nimeona jinsi wenzetu wanavyouza fulana za 419. Je, nasi tukichapa 027 tutafika? Wafuasi wangu hawaongezeki.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli miji hii ni dada, ingawa wengi wa pande zote mbili hawajui kama wana undugu. Kuhusu 027, kumbuka kwamba namba hiyo tunachangia na Arusha na Moshi, kwa hiyo utakuwa umewachapishia fulana watu wa mlimani, nao watakuja kudai faida. Lakini Ngamiani umezungukwa na barabara zenye namba. Mtu wa Barabara ya Nane hakubali kuchanganywa na wa Barabara ya Tisa, na bibi akimtaja mkwe wake huanzia na barabara aliyotoka. Tarakimu unazo, tena zenye ugomvi ndani yake.

Nimeutazama ukurasa wako. Una picha kumi na mbili za Raskazone zilizopigwa kutoka angani wakati wa machweo, na nyingine tisa za mapango ya Amboni. Ni nzuri, ila mgeni yeyote anaweza kuzipiga na kuondoka siku hiyohiyo, naye mtu wa Tanga hafungui simu asubuhi ili atazame jua linalozama. Angetaka kujua mbaazi za nazi zimeiva kwa nani, fundi gani wa baiskeli bado anaunga fremu badala ya kubadilisha, na leo ngalawa zimerudi na samaki gani. Mwoneshe mama anayekaanga maandazi tangu anapokanda unga, usikatize. Watu wa Toledo walininasa kwa treni iliyoziba njia.

Ukipenda jambo la kuziunganisha pande mbili, liko hili. Mwaka 1909 alizaliwa Shaaban Robert huku kwetu Vibambani, na mwaka huohuo akazaliwa Toledo mpiga piano Art Tatum, ambaye karibu hakuwa na uwezo wa kuona na ambaye wanamuziki wa jazi wanamheshimu kama sisi tunavyomheshimu Shaaban. Weka ubeti wa mmoja juu ya muziki wa mwenzake uone Watanga watasema nini. Watagombana, na hiyo kwa ukurasa wako ni neema.

SWALI: Mhariri, binti yangu anasoma Toledo. Kila nikimpigia simu naambiwa nimemwamsha. Nimpigie saa ngapi? Baba wa Mikanjuni.

JIBU: Bwana mkubwa, Toledo iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba wao husogeza saa zao mbele, na tofauti inakuwa saa saba. Ukipiga saa mbili usiku, baada ya isha, utamkuta saa sita au saa saba mchana, akiwa macho. Ukipiga baada ya kifungua kinywa chako, kwake ni usiku wa manane, na hilo nadhani ndilo ulilokuwa ukilifanya. Kisha mwulize anahesabu saa kwa namna gani, maana waliokaa huko muda mrefu husema “saa nane” wakiwa na maana ya saa mbili ya kwetu, nami nilimsubiri mpwa wangu kituo cha basi kwa saa sita nzima kwa sababu hiyo.